MAHALI NA MAHARI

Makarani wenzetu wa Ngara na Biharamulo wamezoea kuchekwa na watu wa pwani kwa ajili ya r na l. Kicheko hicho hakituumizi sana. Lugha tulizonyonya kwa mama zetu, Kihangaza, Kishubi na Kizinza, hazizitengi sauti hizi mbili kama Kiswahili kinavyozitenga, wala si sisi tuliochagua mwaka 1928 kwamba Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu. Walakini kinywa ni kitu kimoja na hati ni kitu kingine. Mtu aombaye kalamu akasema karamu ataeleweka, maana mkono wake umekwisha elekea kwenye wino. Hati haina mkono.

Twakumbuka shauri la mzee mmoja lililoletwa bomani ili linakiliwe. Mzee alidai arudishiwe ng'ombe aliotoa kwa mke aliyemkimbia. Hati ilikuwa ya mistari mitatu, wala ng'ombe hawakutajwa. Karani wa baraza aliandika, "Mdai ataka arudishiwe mahali yake." Nasi, tuliokuwa tukijivunia sarufi tuliyofundishwa misheni, tuliona kosa la upatanisho, tukalisahihisha upesi: "mahali pake." Yalikuwa maandishi safi kabisa. Basi barua ikatoka kumwamuru mzee aje na mashahidi wa mpaka. Hakujua kusoma; alisomewa, akatii. Alikuja kwa miguu mwendo wa siku mbili, pamoja na majirani wawili, wote watatu wakishangaa ni mpaka gani ulioingia ugomvi. Tangu siku hiyo hatumcheki karani yeyote wa baraza.

Wako wasemao yatosha kumsomea mwenzio kwa sauti kabla ya kutia sahihi. Kwa kosa hili dawa hiyo haifai, kwa kuwa sikio lake ndilo sikio letu. Wengine, wakijua udhaifu wao, huikimbilia l popote, wakaandika habali na balua, nalo ni kosa lile lile lililovaa kanzu. (Ya thamani na samani tunayaacha kwa siku nyingine.) Hakuna kanuni ya sarufi iwezayo kutuonya kuwa fahali ni ng'ombe dume na fahari ni utukufu, hapana budi kufungua kamusi. Wala hatuwezi kusema vitabu havipo: kamusi ya Frederick Johnson ilitoka mwaka 1939, na Kamusi ya Kiswahili Sanifu ikatoka mwaka 1981.

Kwa hiyo twaiomba kamati, katika mkutano ujao, itoe fedha katika ada zetu kununua kamusi mbili, moja ya Ngara na moja ya Biharamulo. Tena zisifungiwe kabatini pamoja na mihuri. Ziwekwe mezani, karibu na karani anayenakili mashauri.