Kimya ya kadi ya sauti si kifo

Ndugu zetu wa mu mine, na bamama na batoto wenye kubaki ku nyumba, leo tunapenda kusema juu ya kitu kidogo: kadi ya sauti ya ordinatere, ile mafundi wa kwetu wanaita karte son. Kitu kidogo, lakini kinaweza kula feza ya minerval.

Korali yetu ilitaka kurekodi nyimbo, na pamoja nazo masimulizi ya wazee waliotumika shimoni, mbele sauti zao zipotee. Tulikuwa na ordinatere ya okazi yenye Linux, tundu yake ya kaske imevunjika. Tukachanga, tukanunua kadi mpya ya kuchomeka mu USB. Tukachomeka: kimya. Fundi mmoja wa sokoni akatazama dakika mbili, akasema: «Ile Linux haina sauti. Leteni feza, nifute yote, niweke Windows.» Feza aliyoomba ilipita bei ya kadi yenyewe.

Sisi tunasema: apana. Pompe ikisimama ku kiwanda, fundi wa umeme haitupe. Anafuata kamba tangu mwanzo: kuranti iko? Disjonkteri imeshuka? Moteri inazunguka? Kwa kadi ya sauti njia ni ile ile.

Kwanza, fungua terminali, andika lsusb. Jina ya kadi ikionekana mu orodha, mashini imeiona. Pili, andika aplay -l. Hapo kuko kadi zote zenye kuweza kutoa sauti, kila moja na namba yake. Kwetu, kadi ya ndani ilikuwa namba 0, mpya namba 1, na sauti yote ilikuwa inatumwa ku ile ya ndani, yenye tundu imevunjika. Tatu, andika alsamixer, bonyeza F6, chagua kadi mpya. Ukiona MM chini ya mustari, ni kusema mulango umefungwa. Bonyeza M, utafunguka. Nne, ingia mu mipango ya sauti ya sistemi, chagua kadi mpya huko pia. Kiisha jaribu: speaker-test -c 2.

Ile jioni tulisikia kelele sawa mvua ku mabati, kushoto, kiisha kuume. Hatukununua hata mega moja ya intaneti, juu programu yenye kuendesha kadi mingi za USB, snd-usb-audio, iko tayari ndani ya Linux.

Nani aliiweka? Linux ilianzishwa na Linus Torvalds huko Finland mwaka 1991. Mwaka 1998, Jaroslav Kysela, mutu wa Czech, alianza kazi ya ALSA kutokana na programu ya kadi moja tu, Gravis Ultrasound. Hakuificha. Wengine wakaongeza za kwao, na hata leo ALSA ndiyo inabeba sauti ndani ya Linux. Mutu mumoja alitengeneza, wote tukapata. Ni sawa na mwenye kuchimba kisima, akaacha mulango wa lupango wazi.

Kuko bale wenye kusema Linux inaumiza kichwa. Hawasemi bongo yote. Kuko kadi zenye programu ambayo kiwanda kilitengeneza juu ya Windows ao Mac tu, na hapo utasumbuka. Basi, mbele ya kununua, tafuta kadi yenye kufuata kanuni ya USB Audio Class. Kadi ya namna ile haiombe programu ya pekee. Na kama unaweza, beba ordinatere yako, uijaribu pale pale mbele ya muuzaji.

Shaba inatoka mu udongo wetu, na mu kila kadi ya sauti kuko njia za shaba. Ni haya tuchimbe, kitu kiturudilie ndani ya kisanduku, kiisha tulipe mutu atuambie kwamba hakifunguke. Tunaomba maparokia, masomo na sendika: mutoe chumba kimoja na saa moja kila siku ya posho, mwenye kujua aonyeshe wawili, nao waonyeshe wane.

Wazee wetu hawatangojea. Mumoja wao alitusimulia namna walishuka na taa ku kichwa, akasikiliza sauti yake mu kaske, akacheka, akaomba tuirudilie. Tungetii fundi wa sokoni, tungebaki tunatafuta feza mpaka leo.

Basi, baba, mutoto akikuambia «haina sauti», usitie mukono mu mufuko kwanza. Umuulize: «Aplay inasema nini?»