MASHINE ISITUPWE KWA SABABU YA TARAKIMU ZILIZOZIMIKA

Mchimbaji mdogo wa Kharumwa na mvuvi wa kisiwa cha Kome wana jambo moja linalowaunganisha: karasha la yule na boti ya huyu huzungushwa kwa shafti. Shafti ikilika, wote wawili humwendea fundi mkereza vyuma. Naye fundi akikosea kipimo, beringi huungua, na boti husimama katikati ya ziwa.

Baadhi ya mashine za kukerezea za mkono zimefungwa kisanduku kinachoonyesha vipimo kwa tarakimu, chombo kilichoenea duniani tangu miaka ya 1970. Ndani yake hamna miujiza. Kichwa kidogo husoma mistari myembamba iliyochorwa juu ya rula ya kioo, na kisanduku huonyesha umbali, mara nyingi hadi milimita 0.005.

Kosa kubwa ni kudhani kwamba tarakimu zikirukaruka au kuzimika, mashine nzima imekufa. Mara nyingi ugonjwa ni mdogo: vumbi la mawe, mafuta juu ya kioo, waya uliokatwa na chembe za chuma, au umeme usiotulia. Fundi abadilishane waya za rula mbili: hitilafu ikihama pamoja na rula, ubovu u katika rula au waya wake, ikibaki palepale, u katika kisanduku. Na hata kisanduku kikifa kabisa, mikono ya mashine ingali na alama zake, na kazi huendelea.

Wala tarakimu zisiabudiwe. Zinaeleza kisu kimesogea kiasi gani, si unene wa chuma kilichokatwa. Kisu hulika na chuma hupinda. Kwa hiyo hakimu wa mwisho ni maikromita.

Tangu SIDO ilipoundwa mwaka 1973, na VETA kwa sheria ya mwaka 1994, Taifa limekubali kwamba ufundi ni nguzo ya maendeleo. Basi viongozi wa halmashauri, kabla ya kutia sahihi orodha ya vitu chakavu, hawana budi kumwita fundi akague. Waya mpya, kifaa cha kutuliza umeme na mafunzo ya utunzaji havilingani kabisa na gharama ya mashine mpya.

Fedha ya umma ni jasho la wananchi, wa bara na wa visiwani. Kitunze kidumu.