Nani kasema feni ni feni tu?

Jamani, leo sina msimbo wa kuwaonyesha. Nina hasira na feni.

Niliitwa kwenye chumba kimoja cha mafunzo hapa Nairobi ambako tarakilishi zilikuwa zikijizima kila ikifika alasiri. Lawama zote zilikuwa kwa programu (si ndivyo ilivyo kila mara?). Kumbe ni joto. Feni ya kutoa hewa ilikuwepo, inazunguka, kelele tele. Nikaweka tishu kwenye wavu wake. Tishu ikaanguka sakafuni!

Ilikuwa feni ya mapanga, ile ya kufungwa kwenye tundu la ukuta ili hewa itoke moja kwa moja nje. Fundi akaiunganisha na bomba la mita sita lenye kona tatu. Feni ya namna hii husukuma hewa nyingi pasipo kizuizi, lakini ikipewa bomba refu huishiwa nguvu. Kazi hiyo ni ya feni ya sentrifugali, yenye gurudumu ndani ya ganda linalofanana na la konokono. Na ile namba kubwa kwenye katoni? Mara nyingi imepimwa feni ikiwa wazi kabisa, haina bomba. Muuzaji hasemi, na mnunuzi haulizi. Wenye chumba walikuwa wameshaunguza pawasaplai mbili.

Mnaniambia hesabu ni ngumu? Chukua tarakilishi 20 za wati 100 na watu 20, kila mmoja akitoa joto la karibu wati 100. Jumla wati 4,000. Ukitaka chumba kisizidi joto la nje kwa zaidi ya nyuzi 5, zidisha wati kwa 3 kisha gawanya kwa 5: mita za ujazo 2,400 kwa saa. Hiyo ni Mombasa. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya bahari na hewa yake ni nyepesi, kwa hiyo zidisha kwa 3.6 hivi. Unapata karibu 2,900.

Tena Mombasa kukiwa na nyuzi 32 nje, feni hiyohiyo itakuachia nyuzi 37 ndani. Hapo nunua kiyoyozi, usidanganywe. Wala msiniletee habari za pangaboi! Pangaboi hukoroga hewa ileile mliyokwisha kuipumua.

Halafu madirisha yote yalikuwa yamefungwa kwa kuogopa vumbi. Sasa hewa ya kutolewa ingeingilia wapi?

Mkienda dukani, ombeni mchoro unaoonyesha feni inatoa hewa kiasi gani kwa kila kiwango cha shinikizo. Muuzaji akikosa, ondokeni na pesa zenu.

Chumba kile tuling'oa bomba, tukaihamishia feni ukutani, na ukuta wa pili tukafungua matundu mawili makubwa yenye wavu. Programu sikuigusa.