Maji Yasipopewa Njia, Huchukua Yetu

KUTOKA MLIMANI
Na Kwamboka Ogeto

Alhamisi iliyopita niliondoka mjini Kisii saa saba mchana, jua likiwaka. Tulipofika Nyamira mawingu yalikuwa yameshajipanga, na kabla ya Kebirigo mvua ilikuwa ikipiga bati la matatu kwa kishindo hata makanga akawa anadai nauli kwa ishara za vidole. Vioo vyote vilifungwa, tukabaki na harufu ya makoti mabichi na ya ndizi mbivu za mama aliyekalia sambaza, ule ubao wa katikati ya viti. Hakuna aliyenung'unika. Huku mvua ya alasiri si habari. Upepo wa Ziwa Victoria hupanda vilima hivi jua likishachoma, na mwezi usio na mvua ni nadra. Ndiyo inayotupa chai, ndizi na parachichi.

Taabu ilianza niliposhuka. Nilikuwa na kilomita tatu za barabara ya udongo hadi kwa shangazi yangu. Kijana wa bodaboda aliitazama barabara, akavitazama viatu vyangu, akasema, "Mama, tungoje kidogo. Hapo chini saa hii ni mto."

Hakutia chumvi. Maji mekundu yalikuwa yakiteremka katikati ya barabara, yakizoa changarawe. Mtaro ulikuwapo zamani, lakini migomba imeusogelea mwaka baada ya mwaka hadi ukafukiwa. Kalivati lilikuwa limezibwa na matope na mifuko ya plastiki.

Kwingineko maji yalipewa njia mapema: Uingereza walichimba mifereji ili mashua zipite. Mfereji wa Bridgewater ulifunguliwa mwaka 1761 kupeleka makaa ya mawe ya Worsley hadi Manchester, na hadi leo mashua nyembamba husafiri polepole katika mifereji ya nchi hiyo, kuwe na jua au mvua. Sisi hatuna safari ya namna hiyo. Mto Gucha unatoka vilima vya Nyamira, unapita Kisii na Migori hadi ziwani, na huku juu unateremka kwa kasi isiyoruhusu mashua. Hata hivyo, mchimba mfereji ana somo kwetu: aliamua maji yakae wapi kabla maji hayajaamua yenyewe.

Kwenye kibanda tulimojikinga alikuwapo omong'ina, yaani bibi mzee, mmoja na kikapu cha majani chai, amekifunika kwa karatasi ya nailoni. Alikuwa amechuma tangu asubuhi, majani mawili na chipukizi, na lori la kubeba majani lilikuwa limeshindwa kupanda mlima. Kila baada ya dakika chache aliinua nailoni, akaingiza mkono hadi kiwiko, akayalegeza majani yapate hewa. Majani yakishindiliwa hupata joto, hugeuka mekundu, na majani mekundu hukataliwa.

"Mwanangu," aliniambia, "mvua ndiyo imenipa haya majani. Barabara ndiyo inataka kuninyang'anya."

Maneno yake ndiyo hoja yangu wiki hii. Katiba ya 2010 imezikabidhi serikali za kaunti barabara za kaunti, na kila bajeti tunasomewa kilomita zilizochongwa. Tusomewe pia mitaro iliyochimbwa na makalivati yaliyozibuliwa. Greda hupita siku moja, ikaacha barabara bapa isiyo na mgongo wa kumwaga maji pembeni, na mvua tatu zinatosha kuirudisha ilivyokuwa. Mtaro unataka mtu wa kuutazama kila wiki. Kenya imewahi kufanya hivyo kupitia mpango wa Roads 2000, uliotumia mikono ya wenyeji kutunza barabara za mashambani. Vijana tunao. Wapewe vipande vya barabara na malipo ya kudumu, na mitaro iwe safi kabla ya Machi na kabla ya Septemba.

Na sisi wenye mashamba tusijitoe. Najua ardhi ni finyu: sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,266,860 Kisii na 605,576 Nyamira, na mashamba mengi ni vipande vidogo. Lakini mstari mmoja wa migomba juu ya mtaro unakata njia ya kijiji kizima, ya mwanafunzi na ya mama mjamzito anayekimbizwa hospitali.

Mvua ilipopungua, vijana watatu walikuja na majembe na fito ndefu. Walivuta matope na mifuko kutoka mdomo wa kalivati, mmoja amepiga magoti ndani ya maji. Palitoka mngurumo, kisha maji yakageuka, yakaiacha barabara na kuingia njia yake ya zamani. Kazi yote haikuzidi nusu saa, na hakuna aliyewalipa.

Lori lilipanda saa kumi na mbili jioni. Omong'ina alitoa nailoni, akapitisha mkono ndani ya kikapu mara ya mwisho. Majani yalikuwa bado mabichi.