Mzaliwa wa Tanzania Aliyejiundia Jukwaa

Ndugu msomaji, litamke neno "tamasha" penye vibanda vya Ihumwa, kando ya barabara iendayo Morogoro, na kila mtu atakuelewa: ngoma, watu wengi, vumbi na vigelegele. Litamke neno hilo hilo kwa mtu wa Delhi, naye atakuelewa, ila pengine atacheka. Kwao tamasha ni pia kizaazaa, kama ule ugomvi wa mke na mume unapotoka nje ya mlango na majirani wakajaa uani kutazama. Mwaka 1989 waigizaji wawili wanawake walilitwaa neno hilo wakalifanya jina la chama chao cha maigizo mjini London. Mmoja ni Bibi Kristine Landon-Smith. Wa pili ni Bibi Sudha Bhuchar, Mhindi kwa asili na mzaliwa wa Tanzania.

Waigizaji wa Kihindi tumewajua kwa njia ya sinema. Filamu ya Awara ya mwaka 1951, yenye Raj Kapoor na Nargis, ilipendwa mno katika Afrika Mashariki, na walikuwapo watu walioziimba nyimbo za Kihindi kwa ufasaha pasipo kujua hata neno moja la lugha hiyo. Hao tuliletewa kutoka Bombay. Huyu alitoka kwetu, nasi hatumjui.

Alianzia katika kundi la Tara Arts, nalo pia lina mzizi wake huku. Mwanzilishi wake, Bwana Jatinder Verma, alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1954, akakulia Nairobi, akahamia Uingereza mwaka 1968, wakati Wahindi wengi wa Kenya wenye pasipoti za Kiingereza walipokuwa wakikimbilia huko kabla mlango haujafungwa. Mwaka 1976 kijana wa Kisingasinga, Gurdip Singh Chaggar, aliuawa na wabaguzi katika mtaa wa Southall. Mwaka uliofuata Verma na wenzake wakaanzisha Tara Arts, na jibu lao la kwanza kwa mauaji hayo likawa mchezo wa kuigiza uliotokana na maandishi ya Tagore. Wako watakaosema hilo lilikuwa jibu dhaifu. Mimi naona lilidumu kuliko mawe.

Lakini mwigizaji wa kike wa Kihindi angepata nafasi gani katika Uingereza ya miaka ile? Nafasi zilikuwapo, tena zilifanana: mke wa mwenye duka, binti anayelazimishwa kuolewa, mama mwenye kitambaa kichwani ambaye huingia, husema maneno mawili, kisha hutoka. Bibi Bhuchar alifanya kazi katika televisheni kama wenzake. Katika EastEnders, mchezo wa mfululizo ambao BBC iliuanzisha mwaka 1985, aliigiza kama Meena McKenzie. Katika redio alikuwa wa kwanza kumwigiza Usha Gupta, mwanasheria katika mchezo wa The Archers, kabla nafasi hiyo haijachukuliwa na Bibi Souad Faress. Mchezo huo ulisikika Uingereza nzima tangu mwaka 1951, na shabaha yake ya mwanzo ilikuwa kuwafundisha wakulima kilimo bora. Msikilizaji wetu aliyefuata Twende na Wakati katika Redio Tanzania tangu mwaka 1993 anaijua njia hiyo ya kufundisha: somo lafichwa ndani ya hadithi kama dawa ndani ya uji.

Yeye na mwenzake hawakungoja waandikiwe nafasi nyingine bora. Mchezo wa kwanza wa Tamasha ulitokana na riwaya ya Mulk Raj Anand, Untouchable, inayosimulia siku moja ya kijana mfagia vyoo. Mwaka 1992 wakaonyesha Women of the Dust, wa mwandishi Ruth Carter, kuhusu wanawake wa Rajasthan wanaobeba matofali na mchanga kichwani katika majengo yanayoinuka Delhi. Hapa msomaji wa Ihumwa hahitaji kuelezwa sana. Tangu Mji wa Serikali uanze kujengwa pale Mtumba, na reli ya kisasa ilipokuwa ikipita, ameona mwenyewe nani hubeba ndoo na nani hupika chakula cha mafundi. Jengo likishamalizika hupigwa picha, na mbebaji ndoo huwa amekwisha hamia kwenye jengo lingine. Mchezo ule uliwaweka wabeba mchanga katikati ya jukwaa.

Ndivyo Tamasha ilivyofanya kazi. Bibi Bhuchar na mwenzake Shaheen Khan waliandika Balti Kings, ulioonyeshwa mwaka 1999, kuhusu wapishi wa mikahawa ya Birmingham. Mchezo mwingine wa chama hicho, East Is East wa Ayub Khan-Din, ulitoka jukwaani mwaka 1996 ukawa filamu mwaka 1999, ukajulikana kupita yote.

Ila ule unaonigusa zaidi, kwa kuwa ukurasa huu ni wa familia, ni My Name Is… wa mwaka 2014. Mwaka 2006 msichana wa miaka 12, mama yake Mskoti na baba yake Mpakistani, aliondoka Scotland akaenda Pakistan. Magazeti yakalia: ametekwa nyara na baba! Kisha msichana akasema mwenyewe kuwa amekwenda kwa hiari yake, na akataja jina analotaka kuitwa. Kelele zikahamia kwingine. Bibi Bhuchar ndipo alipoanza kazi. Alizungumza na mama, akazungumza na baba, akazungumza na binti, kisha akaunda mchezo kwa maneno yao hao watatu, kila mmoja akisema yake hadi mwisho. Sisi waandishi wa habari tungefaa kukaa viti vya mbele katika mchezo huo.

Kabla ya huo alikuwa ameandika Child of the Divide, uliotokana na hadithi ya Bhisham Sahni. Katika mgawanyiko wa India mwaka 1947, mtoto wa Kihindu, Pali, apotea njiani na kulelewa na wazazi Waislamu wanaomwita Altaf. Miaka inapita. Wazazi wa kwanza wanakuja kumtaka. Ni nani mama? Aliyezaa ana haki, aliyelea ana machozi, na mtoto ana majina mawili. Mchezo huo ulirudi jukwaani mwaka 2017 chini ya kampuni yake mpya aliyoipa jina la ukoo wake, Bhuchar Boulevard.

Najua, ndugu msomaji, kwamba katika nyumba nyingi binti akisema anataka kuigiza, jibu ni moja: huo uhuni. Nalo jibu hilo hutolewa hapa hapa Ugogoni, ambako wanawake hupiga ngoma ya muheme mbele ya kijiji kizima na hakuna anayewaita wahuni. Mzazi anayeuliza binti atakula nini ana swali la haki zaidi. Bibi huyu hakula kwa jukwaa peke yake. Alichanganya redio, televisheni, kuandika na kuongoza chama, kama mkulima wa Dodoma asiyepanda mahindi tu mahali mvua isipotabirika, bali pia mtama na karanga.

Ukitaka kumwona, itafute filamu ya Mary Poppins Returns ya mwaka 2018, ambayo watoto huipenda. Humo yeye ni Miss Penny Farthing, katibu muhtasi wa mkuu wa benki. Haonekani kwa muda mrefu, basi usiinuke kwenda kuchemsha chai.