Kamera Ikishaona, Nani Atatibu?

Hivi karibuni nilikuwa Mpwapwa kukagua wanafunzi wetu walio katika mazoezi ya kufundisha. Jioni moja nilinunua karanga sokoni kwa kijana mwenye ualbino. Alivaa kapelo, kofia yenye ukingo wa mbele tu, na masikio yalibaki nje. Juu ya sikio la kushoto palikuwa na kidonda chenye magamba. Nilipomuuliza, alijibu kwa utulivu: "Hiki ni cha jua, mzee wangu. Kinakauka, kinarudi. Mwaka wa pili sasa."

Nilimsihi aende hospitali. Usiku nikawaza juu ya habari ambazo wasomi wenzangu huzishangilia: programu za akili unde zinazotazama picha ya ngozi na kubaini dalili za saratani. Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walitangaza programu iliyofunzwa kwa picha 129,450, ikapimwa dhidi ya madaktari 21 wa ngozi na kulingana nao. Katika nchi yenye madaktari wachache wa ngozi kama yetu, simu yenye jicho la bingwa si jambo la kubeza.

Lakini jicho huona lilichofunzwa kuona. Mwaka 2022 watafiti wa chuo hicho hicho walionesha kwamba programu za namna hii hufanya vibaya zaidi kwenye ngozi nyeusi. Wala tusidhani kwamba ngozi ya mwenye ualbino itasomwa kama ya Mzungu. Sehemu kubwa ya utafiti huo imeielekea melanoma, ilhali kwa wenye ualbino barani Afrika inayotawala ni saratani ya seli bapa, ambayo huweza kuanza kama gamba au kidonda kisichopona.

Mpwapwa yenyewe ina somo hapa. Watafiti wa mifugo wa hapo hawakuridhika kuleta ng'ombe wa Ulaya na kumwachia ukame na kupe. Walichanganya damu ya Sahiwal na Red Sindhi kutoka Bara Hindi, zebu wetu, Boran na Ayrshire kidogo, wakapata ng'ombe aitwaye Mpwapwa. Teknolojia nayo haina budi kuzalishwa upya kwa mazingira yetu, kwa picha zilizokusanywa na kuthibitishwa na madaktari wetu, wakiwemo wa kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichopo Moshi.

Picha hizo zilindwe. Katika nchi ambamo watu wenye ualbino wamewindwa na kuuawa, orodha ya sura zao na mahali wanapoishi inaweza kuwa silaha. Tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Itumike kabla ya picha ya kwanza kupigwa.

Hata hayo yakitimia, swali kubwa linabaki. Simu ikimwambia muuza karanga kwamba sikio lake lina hatari, aende wapi? Akielekezwa Taasisi ya Saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, nauli ni karanga za siku ngapi? Ugunduzi usiofuatwa na tiba humwachia mgonjwa hofu tu.

Na tiba ya mapema si muujiza. Madoa mengi ya awali, kabla hayajawa saratani, huondolewa kwa kugandishwa na naitrojeni ya kimiminika. Naitrojeni hiyo hiyo ndiyo huhifadhi mbegu za madume kwa ajili ya uhimilishaji wa ng'ombe, na husafirishwa katika mitungi maalumu hadi kwa wafugaji wetu. Ikiwa tumeweza kuifikisha kwa ng'ombe, tunashindwaje kuifikisha kwenye sikio la binadamu?

Kwa hiyo, kwenu watumishi wa umma mnaoandaa bajeti za halmashauri: mashine ije, lakini isitangulie peke yake. Iambatane na mtungi wa naitrojeni, mhudumu aliyefunzwa upasuaji mdogo, losheni ya kukinga jua na kofia pana. Nanyi wanafunzi na wanaharakati, mkialikwa kwenye uzinduzi wa programu hizi, pigeni makofi kwa adabu, kisha muulize: mgonjwa akishaonwa, atatibiwa wapi, na kwa gharama ya nani?