Kuku Aliyewahiwa

Kila asubuhi, kabla jua halijatoka nyuma ya safu ya Uluguru, hupita mtaani kwetu hapa Morogoro kijana mwenye kipaza sauti alichokifunga kwenye baiskeli. Sauti iliyorekodiwa hurudia maneno yale yale: dawa ya panya, dawa ya mende, dawa ya kunguni. Nimefundisha lugha yetu kwa miaka mingi, nami nina ugomvi na neno lile la kwanza. Najua kamusi inaliruhusu. Lakini kilichomo katika vile vipakiti vidogo, visivyo na jina la kitu wala la aliyekitengeneza, hakijapata kumponya mtu yeyote. Ni sumu. Na mtu akishazoea kuiita sumu dawa, hataona taabu kuihifadhi rafu moja na chumvi.

Ndugu msomaji, nayaandika haya kwa hasira, wala sioni sababu ya kuificha.

Mwezi wa Aprili 2023, mvua za masika zikiwa zimekolea, kuku wetu mmoja mtetea alionekana amejikunyata chini ya mgomba, mabawa yameanguka, kichwa kinasinzia. Binti anayetusaidia kazi za nyumbani alifanya kile ambacho kila nyumba ya Kiswahili hufanya: alipiga kelele kwamba kuku anakufa, tumuwahi. Mjukuu wangu mkubwa akaitwa, kisu kikaletwa, kuku akachinjwa kabla roho haijamtoka. Maji ya moto yakamwagwa, manyoya yakanyonyolewa, na vitunguu vilikuwa vimekwisha kuanza kukaangwa jikoni. Wajukuu watano walikuwa wamekaa barazani wakingoja mchuzi.

Mke wangu ndiye aliyepasua firigisi. Ndani yake alikuta chembe za mahindi zenye rangi ya bluu.

Hakuna mahindi ya bluu katika shamba letu, wala katika duka lolote la mtaa huu. Aliinua sufuria yote, vitunguu na mafuta pamoja, akaenda kuimwaga shimoni, na kuku akazikwa kina cha goti. Watoto walilia njaa, nami nilikaa kimya nikifikiri jinsi ambavyo siku nyingine yeyote, kwa haraka ya magharibi, firigisi ingeweza kupasuliwa na mtu asiyeangalia.

Nilikwenda kwa jirani yangu. Ni kijana mwenye heshima. Alinipa shikamoo na kiti. Alikiri kwamba alimwaga chambo kando ya ukuta kwa sababu panya wamemtafunia nyaya za gari. Nilipomweleza habari za kuku alishangaa kwa dhati akaniambia, “Lakini Mwalimu, ile dawa si ya kuku, ni ya panya.”

Kana kwamba sumu imesoma shule.

Siku tatu baadaye, chini ya msufi ulio mpakani mwa viwanja vyetu, tulimkuta bundi mwenye uso mweupe amelala kifudifudi, mabawa wazi. Mtaa mzima ulifurahi. Watu wawili walinipongeza kwamba uchawi umeondoka kwangu. Sikuwa na la kuwajibu siku ile. Hili ndilo jibu langu.

Sumu nyingi za panya zinazouzwa hufanya kazi kwa kuzuia damu isigande. Panya haanguki palepale. Hutembea siku kadhaa akivuja damu ndani kwa ndani, mwepesi wa kukamatwa kwa kuwa hana nguvu tena ya kukimbia. Nani basi atamkamata wa kwanza? Ni bundi, ni paka, ni nguchiro. Yaani wale wale waliokuwa wakitufanyia bure kazi ambayo tumemlipa mwenye baiskeli. Sumu hupita kutoka mwili hadi mwili, na kuichemsha nyama si dawa yake. Tunaua askari ili tumkomeshe mwizi. Na panya hakomi. Panya wa shambani tunayemjua huku kwetu hubeba mimba kwa majuma yapatayo matatu, na jike mmoja aweza kuzaa watoto zaidi ya kumi kwa mkupuo. Bundi huyu haongezeki kwa kasi hiyo. Ukiwaua wote wawili kwa sumu moja, nani atakayerudi kwanza kujaza uwanja?

Sisemi haya kama mtu asiye na doa. Mwaka 1987, nikiwa mkuu wa chuo cha ualimu, niliamuru bundi waliokuwa wakilala juu ya dari ya ghala la chakula waondolewe. Wanachuo walikuwa hawalali kwa hofu, na baadhi ya wakufunzi, watu wenye vyeti vyao, walinong'ona kwamba kuna mtu atakufa muhula ule. Nilijua kwamba si kweli. Lakini niliogopa minong'ono kuliko nilivyoiheshimu elimu yangu, nikatoa amri. Muhula uliofuata magunia ya mahindi yalitobolewa chini mpaka tukawa tunachekecha kinyesi cha panya ndipo tusonge ugali. Mkufunzi wetu wa biolojia akaja ofisini na kopo. Mlikuwa na vile vidonge vya manyoya ambavyo bundi huvitapika baada ya kumeza windo zima. Alikuwa ameviokota sakafuni kabla ya amri yangu. Akavipasua juu ya meza kwa sindano mbili. Kila kidonge kilikuwa na mafuvu ya panya, mawili, matatu, kimoja manne. Hakusema neno. Alikusanya mifupa yake akatoka, nami sikuwahi kumwomba radhi kama ilivyostahili.

Kizazi chetu kilifundishwa bustani kwa nguvu. Tulikuwa na Elimu ya Kujitegemea tangu 1967, na mwaka 1975, baada ya njaa ya miaka ile, ikaja kampeni ya Chakula ni Uhai, watu wazima wakikusanyika kuzunguka redio. Kila darasa lilikuwa na tuta lake la mchicha. Kosa letu sisi walimu ni kwamba tuliifundisha bustani kama vita: mmea ni wetu, kila kinachotembea ni adui. Hatukumwonyesha mtoto chura akimeza wadudu, wala buibui, wala mjusi. Leo watoto wale ni watu wazima wenye nyumba, na kila wakiona kitu kinatambaa mkono unatafuta kopo la kupulizia.

Wengine wamekwenda mbali zaidi. Wameufunika uwanja wote kwa vitofali vya saruji, wameacha mashimo mawili ya minazi ya mapambo, na wanauita huo ndio usafi. Hapaoti mnavu wala tembele. Mboga wananunua barabarani kwa mtu wasiyemjua, iliyomwagiliwa maji wasiyoyajua. Wakazi wa Dar es Salaam wangefaa kukumbuka kwamba mwaka 1999 ulichapishwa utafiti juu ya mboga za majani zilizolimwa kandokando ya mito ya Sinza na Msimbazi, na ndani ya mboga hizo ilikutwa risasi pamoja na madini mengine mazito. Aliyesakafia udongo wake kwa kuogopa uchafu amekwenda kuununua uchafu kwa mafungu.

Najua nitaulizwa: je, nyoka? Mimi si mwendawazimu. Swila si wa kufugwa, wala kifutu, na anayeishi na watoto ana haki ya kuogopa. Lakini nyoka huja kwa mwaliko. Humfuata panya, na panya hufuata pumba zilizomwagika, banda la kuku lililogusa ardhi, na kuni zilizorundikwa kwenye ukuta wa jiko. Mimi nimeinua banda langu juu ya nguzo, kuni nimezisogeza mbali, nyasi nafyeka, na usiku sitoki bila tochi. Nyoka akiingia ndani hata hivyo, naita vijana wenye fimbo ndefu, wala siombi radhi.

Tumbili ni habari nyingine, na hapa uvumilivu wangu ni mdogo kuliko ninavyopenda kukiri. Wanashuka mlimani kwa familia. Wameninyima mapapai miaka miwili mfululizo, na kinachoniuma si kula bali kuonja: huuma papai moja, akalitupa, akachukua la pili. Nimewahi kusimama uani na nguo za kulalia nikiwatukana kwa maneno ambayo mwalimu hapaswi kuyajua. Sasa nachuma papai linapoonyesha mstari wa kwanza wa njano, nalivundika ndani ya tenga. Upande wa mlimani nimepanda pilipili kali na mchaichai, na viazi nimevileta karibu na dirisha la jiko. Napoteza kidogo. Wakulima wa pembezoni mwa Udzungwa wanaoishi na tembo wamening'iniza mizinga ya nyuki kwenye waya kuzunguka mashamba. Tembo huogopa nyuki, na mkulima hupata asali. Ikiwa mtu anaweza kutafuta maarifa mbele ya tembo, sisi wa mjini tunashindwaje mbele ya panya?

Na kuhusu panya nina neno la kando. Yule panya buku anayefukua mihogo yangu ni wa ukoo mmoja na Magawa, aliyezaliwa na kufunzwa papa hapa Morogoro kwa watu wa APOPO, penye Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo. Magawa alipelekwa Kambodia akanusa mabomu ya ardhini na vilipuzi vingine zaidi ya 100, na mwaka 2020 Waingereza wakamvisha nishani ya dhahabu. Alikufa Januari 2022. Simwombei wa kwangu nishani, ila huwa naona haya kidogo ninapomtegea.

Atakuwapo pia msomaji atakayenikumbusha kunguru. Ni kweli. Kunguru wale wa Kihindi waliletwa Zanzibar miaka ya 1890 ili wale taka, wakaenea mpaka bara, wakala mayai na makinda ya ndege wetu, na imebidi watumiliwe sumu. Nakubali. Lakini sumu ile ilichaguliwa na watu wanaojua kwamba huvunjika upesi ndani ya mwili wa kunguru, nayo iliwekwa na watu waliofunzwa. Hiyo ni tofauti kabisa na kipakiti kisicho na jina kilichomwagwa ukutani usiku. Tuna Sheria ya Afya ya Mimea ya mwaka 2020 inayotaka viuatilifu visajiliwe. Kijana wa baiskeli hupita mbele ya ofisi za serikali na kipaza sauti chake kikinguruma.

Kinachonikera zaidi ni kuambiwa kwamba sisi wazee ni washamba tusiojua hatari. Mama zetu waliijua sumu kuliko wauzaji hawa. Kisamvu kina sumu, tena kali. Ndiyo maana hakipikwi kama mchicha. Hutwangwa kinuni mpaka kilainike kabisa, kwa kuwa ni kule kupondwa kunakoifungua sumu ile itoke. Huachwa kidogo kipunge hewa. Kisha huchemshwa sana, sufuria bila kifuniko, mvuke uende zake. Ndipo huja karanga zilizosagwa na tui la nazi. Mke wangu hakubali mtu akifunike kisamvu hata mvua ikinyesha jikoni. Mnavu nao humwagwa maji ya kwanza ukiwa mchungu mno, na matembele hutiwa mafuta kidogo, maana kile kinachojenga macho ya mtoto ndani ya mboga za kijani hakichukuliwi vema na mwili pasipo mafuta. Hiyo ni elimu iliyopimwa kwa vizazi, na shabaha yake ni moja: mlaji aamke kesho. Halafu tunaiweka sufuria hiyo hiyo hatua kumi kutoka kwenye chembe za bluu ambazo hakuna kinu wala moto wa kuziondoa.

Kwenye matuta yetu vidukari wakizidi tunanyunyiza majivu. Wakizidi zaidi, tunatwanga majani ya mwarobaini, tunayaloweka usiku kucha, tunachuja, tunatia sabuni kidogo, tunanyunyiza jioni. Kwa panya tunatumia mitego na paka, na mahindi tunayaweka ndani ya pipa la bati lenye kifuniko. Ni kazi ya kila siku, nami sidai kwamba ni rahisi. Mtego lazima uamshwe, utegwe, usafishwe. Panya aliyekufa hana uzuri wowote. Lakini akifa mtegoni, kifo chake kinaishia hapo.

Juzi jirani yangu alikuja jioni. Hakutaja kuku wala bundi. Aliuliza tu kama nina mtego wa ziada. Nilimpa miwili. Akauliza chambo gani kinafaa. Mke wangu akaingia jikoni, akachoma kipande cha nazi juu ya mkaa, akamfungia kwenye jani la mgomba.

Usiku ule bundi mmoja, nadhani ni mwenzi wa yule aliyekufa, alilia juu ya msufi. Mjukuu wangu mdogo alikuja kitandani kwangu akauliza, “Babu, nani atakufa?”

“Panya,” nikamwambia. “Kalale.”